Ukoo Uliokutana Bila Msiba

Ukoo wetu una kamati ya msiba iliyokamilika. Yupo mwenyekiti, yupo mweka hazina, yupo wa turubai na viti, yupo wa jeneza na gari, na wapo akina mama wanaojua bila kuuliza ni kilo ngapi za mchele zitatosha waombolezaji mia tatu. Mtu akifariki usiku, kabla jua halijapanda fedha zimeshaingia kwenye simu ya mweka hazina, na ndugu wa Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam wako kituoni wanatafuta basi la Dodoma. Naliheshimu jambo hilo. Kuzikana ni nguzo ya undugu, na mimi mwenyewe nimeshikwa mkono na watu waliosafiri usiku kucha kwa ajili yangu.

Lakini msibani hatuonani. Mama hukaa ndani kwenye mkeka na wanawake wenzake, wanaume wako nje chini ya turubai, wake wa nyumba wako jikoni wamefunga kanga kiunoni, watoto wanatumwa maji. Siku ya tatu watu wanatawanyika. Harusini ni hivyo hivyo, isipokuwa muziki unafunika sauti za watu. Krismasi nayo ni kazi: kuchinja, kupika, kwenda kanisani, kupokea wageni. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipogundua kwamba sijawahi kukaa na shangazi yangu hata mmoja tukaanza habari tukaimaliza.

Baba alipofariki, tulipoanua matanga kikao cha ukoo kilikaa kuzungumzia shamba la zabibu la Hombolo, Dodoma. Shamba lenyewe si kubwa, ila ndilo lililotusomesha, na siku ile yalisemwa maneno yaliyochukua muda mrefu kupoa. Kila mtu alikuwa na "baba aliniambia" yake. Kaka mkubwa aliambiwa hivi, mdogo wangu wa mwisho aliambiwa vile, na mimi nilikuwa na yangu. Sikuona uongo machoni mwa yeyote. Naamini baba alimwambia kila mmoja jambo la kweli, wakiwa wawili, kwa wakati wake. Hakuwahi kutupata sote mahali pamoja, tumekaa, hakuna anayepika wala anayelia, ili aseme neno moja tulisikie kwa pamoja. Na siku tulipokaa hivyo, yeye tulikuwa tumeshamzika.

Ni wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, aliyeleta hoja. Aliiandika kwenye kundi letu la WhatsApp, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa taarifa za wagonjwa na namba za kutuma michango. Mama amefikisha miaka 75, aliandika, na tangu nimeolewa sijamwona ameketi saa nzima. Tuchange tumpeleke mahali, tukae naye.

Kaka alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito. Bati la nyumba ya mama limechakaa. Tangi la maji linavuja. Fedha za kulala hotelini zingeezeka nyumba nzima na chenji ikabaki. Wapo waliomuunga mkono, na hata leo ninaposimulia safari ile wapo wanaoniuliza swali hilo hilo kwa uchungu wa kweli, kwa sababu katika nchi yetu mtoto anayempenda mama yake humjengea. Jibu alilitoa mama mwenyewe, alipopigiwa simu. "Bati nimelizoea," alisema. "Bahari sijaiona."

Basi tukafungua M-Koba, ule mfuko wa kikundi kwenye simu ambao hakuna anayeweza kutoa fedha peke yake mpaka wenzake waidhinishe. Kila kaya iliweka elfu thelathini kwa mwezi, wajukuu wenye kazi za kubahatisha elfu tano. Mtoto wa dada yangu anayeendesha bodaboda hakukosa mwezi. Hilo lilinigusa kuliko kiasi kilichopatikana.

Kaka alitaka Bagamoyo, kwa kuwa iko karibu na Dar es Salaam na hakuna boti. Mama alitaka Unguja. Tangu darasa la kipaimara alikuwa amesikia habari za kanisa la Mkunazini, lililojengwa penye soko la watumwa, na kwa Mwanglikana wa Ugogo hilo si jina la kigeni. Tukakubaliana tutakaa Jambiani, pwani ya mashariki, mwanzoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, masika imekwisha na hoteli hazijapandisha bei ya msimu wa wageni.

Hapa nitasema jambo kwa atakayefuata njia hii. Hoteli za ufukweni nyingi zimejengwa kwa ajili ya watu wawili waliooana jana. Ukipiga simu utaelezwa habari za kitanda chenye chandarua cheupe na chakula cha jioni kwa mishumaa. Uliza mengine. Chumba kiko chini au kina ngazi? Kitanda kina kimo gani? Bafuni pana kitu cha kushika? Kutoka chumbani hadi mahali pa kulia ni hatua ngapi, na njia ni ya mchanga au ya zege? Hilo la mwisho ndilo lililotaka kutushinda. Hoteli yetu ilikuwa na vijia vya mchanga mlaini, mzuri kwa miguu ya vijana, na mkongojo wa mama ulizama kila alipouegemea. Fundi wa pale, kijana wa Makunduchi, aliliona hilo siku tuliyofika. Kesho yake alfajiri alikuwa amepanga mbao kutoka mlangoni kwa mama hadi kwenye banda la chakula, ncha kwa ncha, na kila asubuhi alizifagia. Hakuna aliyemwomba.

Tulitoka Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Mama alikuwa amesafiri na baba kwa reli ya zamani, ile ya Wajerumani, na alivijua vituo kwa mpangilio wake: Igandu, Gulwe, Kidete, Kilosa. Treni mpya inapita njia karibu ile ile kwa kasi inayomnyima mtu nafasi ya kununua hata muwa dirishani, lakini kila kibao kilipopita mama alikuwa na habari yake. Gulwe walilala siku nzima mafuriko yalipoisomba reli. Kilosa baba alishuka kununua ndizi, akaidandia treni ikiwa imeshaondoka. Wajukuu walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamefungiwa naye kwenye behewa moja na mtandao unakatika kwenye mahandaki. Nasema kweli, mengi ya safari ile yalitokana na jambo dogo hilo: watu hawakuwa na pa kwenda.

Boti ya kutoka Dar es Salaam ndiyo ilikuwa hofu ya mama. Wazee wa bara hawajasahau MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011, wala MV Skagit iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, na Julai ni msimu wa upepo wa kusi, kama Juni. Hatukumwambia "usiogope." Tulipanda boti ya asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, tukamkalisha katikati ambako mtikisiko ni mdogo, na mjukuu wake anayesoma chuo cha ufundi akamwonyesha maboya yalipo, yanavyovaliwa, na milango ya kutokea. Mama alivaa boya lake, akalijaribu kamba, akalivua, akaliweka mapajani, akatafuna tangawizi kwa muda wa saa mbili hivi mpaka minara ya Mji Mkongwe ikaonekana. Mtu mzima akipewa maelezo hutulia. Hili limenibadilisha hata namna ninavyompeleka hospitali.

Barabara ya Jambiani inapita msitu wa Jozani, wenye kima punju, kima wekundu ambao asili yao ni Unguja tu. Watoto walisimuliwa na mtembezaji kwamba kima hao hula makaa kupunguza sumu ya majani wanayokula, na hadithi hiyo wameisambaza Dodoma nzima.

Tulifika alasiri. Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua, maji yamejaa mpaka yanapiga ukuta wa hoteli. Mama alisimama muda mrefu. Asubuhi ya pili, saa nne, nilimsikia akiniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Maji yamekwenda wapi?" Mbele yetu palikuwa na uwanja wa mchanga na vidimbwi, zaidi ya kilomita moja, hadi mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Na katika uwanja ule, mbali, wanawake wameinama.

Walikuwa wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vijiti vilivyopigwa mchangani, na baada ya wiki kadhaa huvuna, hukausha, huuza. Unasafirishwa nje ukatolewe kitu cha kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Mmoja wao, mtu wa umri wangu, alikuwa akifunga kamba zake chini ya mnazi karibu na uzio wa hoteli. Mama alitaka kwenda kumsalimu. Tukamsindikiza.

"Shikamoo bi mkubwa," yule mama akasema.

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

Wakakaa. Sikutarajia wangekaa muda wote ule. Mama amefunga mizabibu maisha yake yote. Kila chipukizi jipya hulilaza kwenye waya na kulifunga kwa uzi, na vidole vyake vimepinda kwa kazi hiyo. Aliomba ajaribu. Akachukua kipande cha mwani, akakizungushia kikamba kwenye kamba kuu, akakaza kama anavyokaza mzabibu. Yule mama akamshika mkono taratibu. "Legeza, bi mkubwa. Huu unataka kucheza na maji. Ukiubana unakatika." Mama akafungua, akafunga upya, akaacha mwanya wa upana wa kidole. Cha pili kilikuwa sawa. Alipofika mwisho wa kamba alikuwa anafunga bila kutazama.

"Bei anapanga nani?" mama akauliza.

"Mnunuzi."

"Na kwetu ni mnunuzi. Zabibu zikiiva zote pamoja, anakuja na bei yake, na zabibu hazisubiri."

"Mwani nao tukiuanika, mvua ikaja, umeharibika."

Wakazungumza habari za kilo, za mizani, za magunia, za jua. Yule mama akaeleza kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa kwa sababu bahari imepata joto, na wenzake wanalazimika kuingia maji ya kina kirefu ilhali wengi hawajui kuogelea. Mama akaeleza kwamba mvua za Dodoma siku hizi huja wakati wa mavuno. Nilikuwa nimekaa kando nikisikiliza wanawake wawili, mmoja hajawahi kuona mzabibu na mwingine jana yake hajawahi kugusa maji ya chumvi, wakielewana kila neno.

Tangu siku hiyo asubuhi ya mama ilikuwa na kazi. Hoteli ilimpa kiti cha kulala chini ya mwavuli wa makuti. Alikilalia mara chache, kwa heshima ya wenye hoteli. Maji yakitoka, alikwenda chini ya mnazi. Wajukuu wakamfuata kwanza kwa udadisi, kisha kwa kupenda. Nilikuwa nimesoma sana kwamba wazee wanahitaji mapumziko, na mwili wake kweli uliyahitaji. Ila yeye hupumzika akiwa na kitu mkononi na mtu wa kuzungumza naye. Mtu aliyelima tangu utotoni ukimlaza kutwa kucha unamnyang'anya kitu, hata ukimlaza kwenye godoro zuri namna gani.

Kumzoesha kuhudumiwa kulituchukua muda kidogo. Siku ya kwanza alitandika kitanda chake kabla mhudumu hajafika, akakusanya sahani zetu akitaka kuzipeleka jikoni. Kisha binti mmoja wa kuhudumia meza alimsikia akizungumza nasi, akaja akapiga goti kidogo na kusema, "Mbukwenyi." Alikuwa ametoka Kongwa kutafuta kazi, kama wengi wa bara waliojaa kwenye hoteli za pwani ile. Mama akamshika mikono yote miwili. Kesho yake mchana, pembeni ya samaki na wali wa nazi, palikuwa na kibakuli cha mlenda wa bamia. Mama alianza kula vizuri kuanzia mlo ule, na akaacha kubeba sahani, kwa sababu sasa aliyezibeba alikuwa mtoto wa nyumbani anayelipwa kwa kazi yake.

Kuhusu sahani nina neno zaidi. Watu husifu hoteli za ufukweni kwa mchanga na machweo. Mimi naisifu ile kwa kutunyang'anya masufuria. Wifi yangu ameolewa kwetu miaka mingi, na katika mikusanyiko yote ya ukoo nimemwona mgongo, ameinamia jiko. Jambiani alikula, akanyoosha miguu, akabaki mezani. Akamuuliza mama alivyofika Hombolo akiwa mke mpya, na mama akamweleza yale ambayo mkwe humweleza mkwe mwenzake: mwaka wa njaa aliouza hereni zake, mtoto aliyempoteza kabla ya kaka kuzaliwa. Kaka mwenyewe hakuwahi kujua kwamba hakuwa wa kwanza. Aliipata habari hiyo akiwa na kikombe cha chai mkononi, ana miaka 54.

Vijana nao bahari iliwafundisha kwa ukali wake. Siku moja baadhi yao walitembea hadi karibu na mwamba kutafuta pweza na wavuvi wa kienyeji, wavuvi wakarudi, wao wakabaki kupiga picha. Yule mama wa mwani alisimama ghafla, akaniambia niwaite. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Mbele yao bado palikuwa pakavu, na ndiyo sababu hawakuwa na habari. Maji ya kujaa hupitia kwanza kwenye mikondo ya chini, yanamzunguka mtu kwa nyuma. Walipofika kwenye mkondo wa karibu na ufuko yalikuwa kifuani mwa mdogo wao, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Kijana mmoja wa kijijini aliingia akawashika mkono. Watu wa bara tukumbuke hilo: bwawa la hoteli huweza kuwa na mlinzi, bahari ya mashariki ya Unguja haina, na wenyeji ndio wenye elimu yake. Jioni ile binti wa mdogo wangu alichukua karatasi akaandika saa za maji kutoka na kujaa kama alivyoelekezwa na wakulima wa mwani, akiongeza dakika hamsini kila siku, akaibandika mlangoni kwa bibi yake. Hakuna aliyevuka bila kuisoma.

Na sasa nifike kwenye lile hasa lililonifanya niandike.

Ilikuwa usiku, tumeshakula, tumetandika mikeka kwenye mchanga mkavu nje ya chumba cha mama. Kitukuu wake amelala mapajani mwake. Mjukuu mmoja, wa darasa la tano, aliuliza nani alipanda zabibu za kwanza Hombolo. Mama akaeleza jinsi baba alivyoipata miche kutoka Makutupora, alivyoichotea maji kwa ndoo, majirani walivyosema anapoteza wakati kwa mti usiotoa unga. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama watoto wanavyouliza: "Na sasa ni la nani?"

Hakuna mtu mzima aliyevuta pumzi. Kila mmoja alikumbuka kikao kile cha baada ya matanga. Mama alimfunika kitukuu vizuri, akasema, "Kumbe hamjui? Basi nisikilizeni."

Akasema. Shamba halikatwi vipande; anayelilima ndiye anayevuna, na asiyelima apate fungu dogo lililotajwa, apate kwa salamu na si kwa kudai. Nyumba ni ya mdogo wetu wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyebaki naye. Mpaka wa upande wa mashariki una jiwe ambalo baba na jirani walikubaliana, na akataja jiwe liko wapi. Yeye atazikwa kando ya baba. Na mabinti zake wana haki katika shamba sawa na wavulana. Hilo alilirudia mara mbili, akimtazama kaka.

Nataka msomaji aelewe uzito wake. Sheria ya mila ya urithi iliyotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, inamweka binti daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya wavulana wengine. Mama akifa kimya, neno lake kwa mabinti linakufa naye. Amelisema akiwa hai, ana akili zake, mbele ya wana, wake zao, waume wa mabinti na wajukuu, na hakuna wa kuja kusema "mimi aliniambia vingine."

Kaka alikaa kimya kitambo. Kisha akaomba karatasi kwa yule binti wa ratiba ya maji. "Mama," akasema, "rudia polepole, niandike." Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake, akamsomea kila kipengele. Penye jiwe la mpaka mama alimsahihisha. Watoto walikuwa wamelala, kusi unavuma kwenye minazi, na kazi ile iliyotushinda kwa vikao na hasira ilikwisha kabla ya saa sita ya usiku.

Siku ya kurudi tulishuka Mji Mkongwe, tukaenda Mkunazini. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na msalaba mmoja ndani umechongwa kwa mti uliotoka Chitambo, ambako ulizikwa moyo wa mmisionari Livingstone. Nje, katika shimo, ziko sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni. Mtoto wa darasa la tano akauliza kama watu hao walipita kwetu. Walipita, mama akamjibu. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda pwani ilikata Ugogo, na watemi wetu waliwatoza wenye misafara hongo kwa maji na chakula. Babu yake mama alimsimulia habari za minyororo iliyosikika kabla watu hawajaonekana. Sikuwahi kulisikia hilo. Nina shahada ya historia, na nililisikia kwa mama yangu, katika ua wa kanisa, kwa sababu mtoto alikuwa na nafasi ya kuuliza.

Wapo watakaosema bahari ni ghali, na ni kweli. Uliza bei ya wakaazi, epuka Julai, Agosti na Desemba, na bado ni fedha nyingi. Lakini sisi Hombolo tuna bwawa, na kila mkoa una mahali pake pa maji au pa kivuli. Ninachosisitiza ni mambo mawili yaliyofanya kazi: chakula apike mtu mwingine kwa malipo yake, na pasiwe na jeneza wala bibi harusi. Watu walale pamoja hata siku mbili. Maneno ya siku ya kwanza ni salamu. Yale ya maana huanza kutoka siku zinazofuata.

Tuliporudi, wosia wa mama uliandikwa rasmi mbele ya mashahidi na ukapelekwa RITA, wakala wa serikali unaopokea wosia na kuutunza. Tangi la maji limebadilishwa. Bati bado. Mchango wa safari ijayo umeshafunguliwa, mama anataka kuiona Mwanza na ziwa lake, na mweka hazina ni kaka.